Neno la Mama Stefania na Tanuri la Mtaa wa Sikukuu

Baba Padri, wazee wetu wa mtaa, Bwana Mbaruku mwenye ua huu tuliokusanyika, Bwana Tulsidas na jamaa yako, akina mama wa Kariakoo, ndugu mliotoka Magomeni na Ilala, na nyote mliofunga maduka asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1958, mkaja kusimama nasi, familia inawasalimu, na inawaomba masikio yenu kwa muda usiozidi ule wa kuiva mikate ya mkupuo mmoja, ili msikie maisha ya mpendwa wetu Onesphory Tesha, mwoka mikate. Historia hii imeandikwa na inasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, Melkiori, ambaye ametajwa humu mara kadhaa, na si kila mara kwa sifa, lakini marehemu aliagiza kwamba siku ikifika isomwe yote bila kuruka mstari, na watu watatu walikuwapo akiagiza, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Marehemu alizaliwa Kilema, Kilimanjaro, tarehe 6 Septemba 1910, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Josefu Tesha na Mama Anastasia, na kwa kuwa siku hiyo ni ya mtakatifu mwenye jina hilo, padri wa misheni hakuumiza kichwa kutafuta la kumbatiza. Leo angetimiza miaka arobaini na minane, kwa hiyo mkituona tunatabasamu mbele ya jeneza msitushangae, tunamzika ndugu yetu katika sikukuu yake, naye alikuwa mtu wa kupenda sikukuu za kila dini bila ubaguzi.

Kuhusu masomo, alianza shule ya misheni hapo hapo Kilema mwezi Januari 1919, akamaliza darasa la nne Novemba 1924, akiwa anasoma, anaandika, na anaimba Misa nzima kwa Kilatini bila kuelewa hata neno moja, jambo lililomsumbua sana, maana tangu utoto hakupenda kulitumia neno asilojua kwao ni wapi. Mwalimu alipomwambia kwamba neno meza lililetwa pwani na Wareno, alirudi nyumbani akatangaza kuwa meza ya baba imekuja kwa meli, na Melkiori, aliyekuwa na miaka mitano, aliingia uvunguni kukagua kama kuna maji ya chumvi. Baba yetu aliwacheka wote wawili kwa wiki nzima.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika ghala la kahawa mjini Moshi, akapanga magunia humo kwa miaka kumi na sita, na tarehe 29 Aprili 1933 alifunga ndoa na Klotilda, ambaye leo ni mjane wetu, katika kanisa la Kilema. Mungu aliwajalia mabinti watatu, Benedikta aliyezaliwa tarehe 21 Machi 1935, Sekunda wa mwaka 1938, na Tersia wa mwaka 1941, na wanaojua Kilatini watatambua kwamba kuanzia wa pili baba aliacha kutafuta majina akaanza kuhesabu. Mtoto wa kiume hakupatikana, na hilo, ndugu waombolezaji, lishikeni, kwa sababu ndilo lililokuja kutuletea maneno.

Tarehe 1 Machi 1943 marehemu alipata kazi katika kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ambako serikali iliwapokea maelfu ya Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto, waliong'olewa makwao na vita, wakapitia Urusi na Uajemi mpaka wakafika kwetu. Aliajiriwa kupasua kuni za tanuri la mikate, na msimamizi wa tanuri hilo alikuwa Mama Stefania, mjane, binti wa mwoka mikate, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliyejifunza Kiswahili kwa njia ya kuamrisha, hata mwaka wake wa kwanza maneno yake yote yalikuwa lete, toa, ngoja, na si hivyo.

Siku ya tatu Mama Stefania alipiga ukuta wa tanuri kwa kiganja akasema "piec", neno linalotamkwa karibu kama pyets, kisha akausukuma mkate ndani akasema tena "piec", marehemu akadhani mama wa watu amechoka, kumbe katika lugha yao chombo na kazi yake huitwa kwa neno lile lile, tanuri ni piec, kuoka ni piec, mwoka mikate ni piekarz, na nyumba ya kuokea ni piekarnia. Basi marehemu, kama kawaida yake, akauliza neno hilo kwao ni wapi. Mama Stefania hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote maishani mwake, akaweka chini ubao wake wa kutumbukizia mikate, akaketi juu ya gunia la unga, akamweleza, nusu kwa mdomo na nusu kwa mikono, kwamba neno hilo ni la kale kuliko Polandi yenyewe, kwamba Warusi husema pech, Wacheki husema pets, na Waserbia nao wanalo la namna hiyo hiyo, kwa sababu babu zao wote waliwahi kuzungumza lugha moja kabla hawajatawanyika, na maana yake ya mwanzo ni kuivisha kitu kwa joto.

Akamweleza pia kwamba pango kwao huitwa pieczara, nalo ni la shina hilo, maana matanuri ya zamani yalichimbwa kwenye kingo za udongo, ukiyatazama ni mapango, na kwamba kutoka shina hilo hilo lilichipuka neno opieka, yaani ulezi, kumtunza mtu, kwa sababu anayemhangaikia mwenzake huungua ndani kwa ndani. Warusi, akasema, hata huzuni huiita kwa neno la ukoo huo, "lakini huzuni tutasoma siku nyingine, Onesphory, toa mikate, inaungua!" Mikate sitini iliungua siku hiyo, na marehemu alikuwa akisema kwamba hakuna shule aliyowahi kuihudhuria iliyofundisha vizuri kiasi hicho.

Kwa Mama Stefania alijifunza kupima moto kwa mkono, kwamba unauingiza mkono mtupu ndani ya tanuri lililokwisha kufagiwa makaa, unasali Salamu Maria, ukiishia katikati ya sala ya kwanza ukautoa mkono basi moto ni mkali mno, ukifika sala mbili ingiza mikate, na ukifika nne ingiza keki na vitu vya sukari. Alijifunza pia mwiko wa bibi zake yule mama, kwamba mbele ya tanuri watu hawagombani wala hawatukanani, anayetaka ugomvi atoke nje, mvua inyeshe isinyeshe. Na alisimuliwa kwamba vijijini kwao, wakati wa theluji, wazee na watoto hulala juu ya tanuri, habari ambayo alipokuja kuisimulia hapa Kariakoo mwezi wa Februari, wasikilizaji walimwonea huruma wakadhani ana homa.

Mwaka 1945 alipandishwa kutoka kuni hadi unga, na kuanzia mwaka huo, kila shule zilipofungwa, Benedikta alikuja kukaa na baba yake Tengeru, akiwa na miaka kumi, akikanda, akipepeta, akiingiza mkono wake mdogo kwenye joto na kusali kwa sauti kubwa mpaka Wapolandi wakaja kumsikiliza. Mwezi Agosti 1949 Mama Stefania alipata nchi ya kuhamia ng'ambo, na siku ya kuagana alitoa kopo la chachu ya mkate iliyokaushwa na kusagwa, lakini maelekezo ya kuiamsha chachu hiyo hakumpa marehemu, alimpa Benedikta, akamrudisha nyuma mara tatu mpaka alipoyasema yote bila kukosea. Marehemu alilia stesheni, na hakuona haya kulisema.

Mwezi Januari 1950 marehemu na familia yake walihamia Dar es Salaam, wakapanga vyumba viwili nyumbani kwa Bwana Mbaruku hapa Mtaa wa Sikukuu, na kwa ruhusa yake marehemu akaanza kujenga tanuri kwenye kona hii ya ua. Sasa huko kwetu milimani jiwe ni jiwe, unalitia moto mwaka mzima halina habari nawe, kwa hiyo alinunua mawe meupe ya pwani, yale ya matumbawe, akayachonga kwa wiki mbili, huku Bwana Mbaruku akimtazama kutoka kibarazani bila kutia neno, kwa adabu, kwa kuwa hakuulizwa. Tanuri lilipendeza. Siku ya tatu ya kuliwasha, Jumamosi tarehe 11 Februari 1950, lilipasuka, likamwagika vipande vyeupe pe, mvua ya mchana ikavikuta, vikaanza kutokota vyenyewe na kufuka moshi bila moto wowote chini yake, Klotilda akachukua rozari yake.

Ndipo Bwana Mbaruku, ambaye kumbe alikuwa amechoma chokaa kule Msasani kwa miaka ishirini, aliposhuka kibarazani, akachukua kipande kimoja, akakisugua kwa vidole, akasema, "Hongera, Bwana Onesphory. Chokaa safi kabisa. Na mkate utakuja lini?" Marehemu akamwuliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo kwamba jiwe la pwani likichomwa huwa chokaa, naye akajibu, "Hukuniuliza, ndugu yangu. Mimi nikadhani huko kwenu ndivyo mnavyoupata mkate mweupe." Walicheka mpaka wakakaa chini, na urafiki wao ulianzia kwenye chokaa ile, ambayo haikupotea bure, kuta za nyumba hii zilipakwa kwayo. Tanuri la pili lilijengwa na wote wawili kwa matofali ya kuchoma kutoka Pugu na udongo wa kichuguu, likawashwa tarehe 1 Mei 1950, ndilo hili mnaloliona, na juu ya mdomo wake marehemu aliandika kwa rangi nyekundu, PIEC.

Kila mteja aliyeuliza maana ya maandishi hayo alipewa historia nzima kuanzia mapango mpaka ulezi, hata wenye haraka ya kwenda kazini Posta wakajifunza kunyoosha kidole tu bila kutazama juu. Bwana Tulsidas peke yake, aliyekuwa akituletea unga kutoka duka lake la hapo ng'ambo ya barabara, ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole kwamba kwa Kigujarati chao kuivisha chakula ni pakavvu, na tunda likiiva wanasema vivyo hivyo kwa neno la nyumba hiyo, na je, hao Wapolandi walipita India lini? Marehemu hakulala raha. Alimwendea padri mmoja aliyesoma lugha za kale, akathibitishiwa kwamba ni kweli, neno la Mama Stefania na neno la Bwana Tulsidas ni ndugu wa shina moja, waliachana zamani sana, mmoja akaelekea theluji na mwingine akaelekea joto, na wamekuja kukutana Mtaa wa Sikukuu juu ya gunia la unga. Kwa furaha hiyo marehemu akauliza kama na neno letu pika limo katika ukoo huo, padri akamwambia hapana, hilo linafanana tu kwa bahati, lina ukoo wake mwingine mkubwa huku huku kwetu, na marehemu alimnunia yule padri wiki mbili.

Kwa miaka minane tanuri hili liliulisha mtaa, na asubuhi mikate ikishatoka, joto lililobaki halikupotea, akina mama walileta sinia zao, biskuti za nankatai za Idi na za Diwali, mikate ya mayai, keki za Noeli, samaki wa nazi wa siku za kawaida, vyote vikiokwa hapa kwa zamu, na hakuna sinia iliyopotea wala kubadilishwa, kwa sababu Benedikta alizijua zote, hii ya kovu ni ya nani, ile iliyopinda ni ya nani, nani anapenda ukingo uwe mwekundu na nani akiuona mwekundu atasema zimeungua. Mwiko wa ugomvi nao ulishikwa, wapenzi wa timu zetu mbili za mpira waliotaka kuchambuana mbele ya moto walionyeshwa mlango, wakaenda kuchambuana barabarani, wakamaliza, wakarudi kuchukua mikate yao.

Kifua cha marehemu kilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 1956, na mwaka uliofuata daktari alimkataza moshi na unga, vitu viwili alivyokuwa akivipumua tangu Tengeru, hivyo kazi yote ikashikwa na Benedikta, naye akaketi kwenye kigoda akimwangalia. Ukoo Kilema ulipata habari, na ukoo wetu una utaratibu wake, mtu asiye na mtoto wa kiume mali yake huja kwa ndugu yake wa kiume, maana binti ataolewa, na kilicho mkononi mwake kitakwenda kuota katika ukoo wa watu wengine. Tarehe 10 Machi 1958 Melkiori aliteremka kwenye basi, akiwa ametumwa na ukoo na akiwa amejituma mwenyewe, kuja kutangaza kwamba tanuri litakuwa mikononi mwake.

Alianza kulisema hilo akiwa amesimama hapo hapo mbele ya moto, sauti ikapanda, na marehemu, ambaye kusimama kwenyewe kulimtoa jasho, akanyoosha mkono akamwambia, "Nje." Kwa hiyo madai ya ukoo yalikwenda kujadiliwa barabarani, mbele ya duka la Bwana Tulsidas, ambaye alitoa viti viwili kwa ajili ya wagombanaji na cha tatu kwa ajili yake mwenyewe, na hakuna mtu wa mtaa huu asiyeyasikia. Marehemu alisema, "Melkiori, sikuulizi nani ni wa ukoo. Nakuuliza nani ataliwasha kesho. Kwa Mama Stefania anayeoka na anayelea ni wa nyumba moja, na mtoto huyu ananilea mimi na moto wangu mwaka wa pili huu." Melkiori akajibu kwamba Mama Stefania si mzee wa ukoo wa Tesha. Jibu hilo lilimridhisha sana mwenyewe siku ile.

Jumamosi tarehe 19 Aprili 1958, Ramadhani ikiwa imefika siku ya ishirini na tisa na mtaa mzima ukisubiri mwezi, sinia za nankatai arobaini na moja zilikuwa zimepangwa ua mzima, na Melkiori akasema kwamba leo ataliendesha tanuri yeye, watu waone. Alitia kuni za mikoko, ambazo hakuwahi kuzitumia maishani mwake, akazishindilia kama anayepika pombe ya arusi. Benedikta akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo, baba mdogo. Umeshaingiza mkono ndani?" naye akajibu kwamba moto huonekana kwa macho, akafagia makaa, na papo hapo, bila kungoja joto litulie, akaingiza sinia zote alizoweza, na zilizobaki akazipanga mdomoni.

Hatutaeleza harufu, wengi wenu mlikuwapo. Bi Sitara, mke wa Bwana Mbaruku, mwenye saumu yake, aliichukua sinia yake kwa ncha za kanga, akaitazama, akamtazama Melkiori, akasema, "Shemeji, hizi ni nankatai au ni mkaa? Maana mkaa ninao nyumbani." Benedikta ndiye aliyeviringisha mikono ya gauni, hakumlaumu mtu, akatandaza magunia mabichi ndani ya tanuri kulipoza, akavuka barabara, na Bwana Tulsidas akafungua ghala akatoa unga, samli na sukari na kumwambia, "Chukua, mwanangu, maneno baadaye," na ua huu ukajaa akina mama waliofunga, wakikanda bila kuonja, wakiimba, wakimcheka mgeni wetu wa mlimani mpaka machozi, huku Benedikta akiingiza mkono, akisali, akiutoa, akingoja, akiuingiza tena, mpaka alipofika sala ya nne. Marehemu alitaka kitanda chake kiletwe uani, kikaletwa, na alicheka hadi Klotilda akamkataza kwa ajili ya kifua. Mwezi ulipoandama, sinia arobaini na moja zilikuwa zimeshakwenda kwa wenyewe.

Jumatatu asubuhi Melkiori alifunga mzigo wake, akaaga, akaenda kwenye mabasi, na saa nne alikuwa amerudi, akaweka mzigo chini, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni. Tangu siku hiyo kuni zote za tanuri hili amezipasua yeye. Lakini neno ambalo kaka yake alilitaka hakulitoa. Marehemu alilitaka neno moja tu, lisemwe na Melkiori, msemaji wa ukoo, mbele za watu, kwamba tanuri ni la Benedikta, ili siku yeye hayupo asije mtu mwingine kutoka Kilema na karatasi, na alimwomba Melkiori mwezi wa Mei, akajibiwa kwamba atafikiri, akamwomba mwezi wa Julai, akajibiwa hivyo hivyo. Haikuwa kwamba Melkiori bado anaona haki ni yake, la, alikuwa ameshaona kwa macho yake, bali alishindwa tu kuyameza maneno aliyokwisha kuyasema barabarani.

Mwezi Agosti hali ilibadilika, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kutafuta, na tarehe 27 Agosti alilazwa hospitali ya serikali hapa mjini, ambako aliwaeleza wauguzi wote wa zamu zote neno piec lilipotoka, na mmoja wao, Muuguzi Sabaha, aliliandika ndani ya daftari lake kumfurahisha. Alhamisi jioni, tarehe 4 Septemba, alimwomba Melkiori kwa mara ya tatu, akamshika mkono, mkono wenyewe ukiwa mwepesi kabisa, na Melkiori akamwambia, "Kesho, kaka. Kesho nitakwambia." Ijumaa tarehe 5 Septemba 1958, saa moja asubuhi, Benedikta akiwa amemwekea mkono kifuani, ndugu yetu alikata roho kwa utulivu. Melkiori alifika wodini saa tatu, akiwa amevaa koti, na jibu alikuwa nalo.

Inamwuma. Haandiki hivyo ili ahurumiwe, anaandika kwa sababu aliagizwa asiruke mstari.

Marehemu ameacha mjane, mabinti watatu, na mdogo mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa Muuguzi Sabaha. Tunamshukuru Bwana Mbaruku, mwenye nyumba ambaye hakuwahi kuwa mwenye nyumba tu, na Bi Sitara aliyekaa na Klotilda tangu jana bila kwenda kwake. Tunamshukuru Bwana Tulsidas, ambaye leo amefunga duka siku ya Jumamosi, na wanaomjua wataelewa uzito wake. Tunawashukuru waoka mikate wenzake wa Kariakoo waliochanga jeneza na kulibeba, na akina mama wote mlioleta vyakula, na yule ambaye hatukumtaja asiudhike, mwandishi alikuwa na karatasi chache. Mwili utazikwa hapa mjini, kama alivyotaka, na ukoo umekubali kwa telegramu.

Limebaki jambo moja, nalo halimo katika karatasi ya ukoo, msemaji wa ukoo analitoa mwenyewe, akiwa na akili zake, mbele ya Padri, mbele ya Bwana Mbaruku na Bwana Tulsidas, na mbele ya mtaa wote, na anamwomba Benedikta asimame alipo ili watu wamwone.

Kaka Onesphory, jibu ni ndiyo. Tanuri ni la binti yako, leo na siku zote, na yeyote atakayekuja kutoka Kilema atanikuta mimi kwanza, nikiwa na shoka. Nisamehe kwa kuchelewa siku moja. Lala sasa, kaka, pumzi isikutafutishe tena.